Uzi, Chaki na Timazi

Kila lori lina namba moja ambayo haikugongwa kwenye injini wala mlangoni. Imegongwa kwenye chesesi, mara nyingi upande wa kulia karibu na tairi la mbele, mahali ambapo tope hukaukia na hakuna anayepafuta mpaka siku mkaguzi wa polisi anapotaka kuisoma. Toa injini, weka nyingine. Toa kebini iliyobondeka, weka iliyoshushwa bandarini kutoka Japani. Badili difu, giaboksi, bodi ya mbao, hata rangi: ukishafuata taratibu za usajili, gari ni lile lile. Chesesi ikiondoka, gari nalo limeondoka. Sheria imelielewa jambo hili kuliko sisi tunaokusanyika kwenye ajali. Sisi tunatazama kioo kilichopasuka, shoo iliyoingia ndani na taa inayoning'inia kwa waya wake, tunatikisa vichwa, tunasema gari limeisha. Au tunaikuta kebini nzima, tunasema Mungu mkubwa, gari limepona. Kauli zote mbili hutolewa bila mtu kuinama.

Fundi ninayetaka kumsifu hapa ni yule anayeinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: kwake hiyo si methali, ni maelezo ya kazi. Anafika kwenye lori lililovutwa mpaka gereji, anaipita kebini bila kuitupia jicho, anatandika gunia chini, analala chali, na kwa muda mrefu kinachoonekana kwetu ni miguu yake tu. Tajiri, maana ndivyo mwenye lori anavyoitwa hata kama amelinunua kwa mkopo wa benki, anazunguka na simu sikioni. Dereva amekaa kivulini, hataki kuulizwa. Utingo anawaeleza wapita njia namna ilivyotokea, na kila akieleza, mwendo wa lori lile jingine unaongezeka. Kule chini hakuna anayeongea.

Kazi hii ina uzito wa pekee katika nchi ya Narung'ombe. Kata hiyo iko Ruangwa, mkoani Lindi, na ukitoka huko kwenda Ruangwa mjini, au ukipita mpaka Nachingwea, malori utakayokutana nayo yatakutajia mwezi bila wewe kuuliza. Juni na Julai ni ufuta. Mbaazi zinafuata. Kuanzia Oktoba ni korosho, na hapo barabara hazilali. Magunia yanakusanywa kwenye AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, yanakwenda ghala kuu, yanauzwa kwenye mnada wa Runali, chama kikuu kilichounganisha mwanzo wa majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kisha yanaelekea bandari ya Mtwara. Novemba 2018, soko lilipokwama kwa sababu ya bei na serikali ikaamua kununua korosho yenyewe, Rais Magufuli aliwaingiza wanajeshi wa JWTZ na malori yao kusomba mzigo. Kwa watu wa huku halikuwa ajabu kubwa. Walijua siku zote kwamba mazao bila lori ni lundo tu.

Haikuwa lazima mambo yawe hivi. Julai 1917, Waingereza na Wajerumani walipopigana Narung'ombe, mizigo ya vita ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi, maelfu kwa maelfu, na wengi wao hawakuiona tena milango ya kwao. Miaka 30 baadaye Waingereza walirudi kwa sura nyingine, na Mpango wa Karanga wa mwaka 1947: ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe, nyingi zake Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa matingatinga yaliyobaki kwenye vita na vifaru vya Sherman ambavyo kampuni ya Vickers ilivigeuza kuwa matrekta. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, karanga hazikuonekana. Lakini ulikuwa umeacha reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nayo ikafungwa na kung'olewa. Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni mpaka leo, na hakuna abiria anayesubiri treni. Mzigo uliokuwa wa mabehewa uliwekwa juu ya mihimili miwili ya Fuso, na humo ndimo ulimo.

Ajali za huku zina namna zake. Kiangazi barabara za udongo hutoa vumbi ambalo lori la mbele humwachia wa nyuma, na wa nyuma akiwa na haraka ya kuwahi zamu ya kushusha ghalani, hupita kwa kubahatisha. Masika ni utelezi: lori huondoka barabarani taratibu kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, mpaka linapokutana na mwembe. Kuna lori bovu lililoachwa njiani usiku bila taa, limewekewa matawi ya miti ambayo mbuzi wameshayala. Kuna kingo za kalavati. Kumbo la ana kwa ana hutisha watu, lakini fundi wa chesesi huliogopa zaidi kumbo la kona, lile linalogusa upande mmoja wa mbele na kuliacha lori limesimama kwa magurudumu yake, injini inawaka, na dereva anaweza hata kuliendesha mpaka nyumbani. Lori kama hilo ndilo linalorudishwa kazini bila kupimwa. Wamiliki wengi wana bima ndogo, inayomlipa mtu wa tatu tu. Chesesi yao wenyewe ni mzigo wao wenyewe, na mtu akilipa kwa mfuko wake hupenda kuambiwa kwamba hakuna kitu.

Chesesi ya lori ni rahisi kuichora. Mihimili miwili mirefu ya chuma kilichokunjwa umbo la C, inatazamana, imeshikwa na vyuma vya kukingama kwa ribeti au bolti. Juu yake hukaa kila kitu na chini yake huning'inia kila kitu. Mtu asiyejua hudhani chesesi nzuri ni ile isiyotikisika. Sivyo. Tairi la mbele kushoto likizama shimoni na la nyuma kulia likapanda jiwe, chesesi lazima ijisokote kidogo ili matairi yote yaendelee kukanyaga ardhi, kisha irudi. Ndiyo maana waliouchora mhimili waliuacha wazi upande mmoja badala ya kuufunga ukawa bomba: chuma kilicho wazi hukubali kujisokota. Kila ninapoona chesesi iliyojazwa vibandiko, imefungwa boksi kuanzia mbele mpaka nyuma eti iwe imara, ipate kubeba kuliko mizani inavyoruhusu, najua ufa umeshapangiwa mahali pake, pale sehemu iliyokazwa inapoishia na ile inayonyumbuka inapoanzia. Tamaa ya kuongeza chuma ni ugonjwa wa gereji zetu. Fundi ninayemsifu ameupinga miaka yote, na sioni dalili kwamba anashinda.

Kumbo likiingia, madhara huja kwa namna kadhaa na mara nyingi huja pamoja. Mihimili yote miwili inaweza kupinda kuelekea ubavu mmoja. Inaweza kubonyea nyuma ya kebini. Ukingo wa chini wa mhimili unaweza kujikunja makunyanzi, mhimili ukawa mfupi kuliko ulivyotoka kiwandani. Chesesi inaweza kusokotwa, kona moja ikabaki juu na nyingine chini. Na mhimili mmoja unaweza kusukumwa nyuma huku mwenzake umebaki palepale. Hapo kila pembe iliyokuwa mraba imekwenda kombo, ingawa hakuna mhimili hata mmoja uliopinda. Hii ya mwisho ndiyo mdanganyifu mkubwa. Ukipiga jicho kwa kufuata mhimili, umenyooka. Ukiufuata wa pili, umenyooka. Dereva ndiye anayepata matokeo kabla ya sababu: usukani umekaa upande, tairi za mbele zinalika ukingo mmoja, na mtu aliye nyuma yake barabarani analiona lori linakwenda mbele huku limetanguliza ubavu, kama kaa.

Fundi husoma rangi na kutu kwanza. Rangi ya zamani hainyumbuki kama chuma. Pale chuma kilipovutwa kupita kiasi, rangi hukatika mistari na kubanduka. Tundu la bolti lililokuwa duara limerefuka upande mmoja. Kichwa cha ribeti kimezungukwa na unga wa kutu nyekundu mbichi, maana yake ribeti imekuwa ikicheza tangu siku ya ajali au tangu zamani zaidi, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo tajiri atapenda yachanganywe. Nilimwona fundi mmoja wa Nachingwea akipitisha ukucha kwenye mstari mwembamba karibu na kibebeo cha springi, akaupitisha tena, halafu akaomba mafuta ya taa na chaki. Akaupaka mstari ule mafuta ya taa, akaenda kunywa chai. Aliporudi alipafuta pakakauka kabisa, akapapaka chaki nyeupe, akasubiri. Polepole unyevu mwembamba ukajichora juu ya weupe, kiasi cha urefu wa kidole gumba. Mafuta yalikuwa yamejificha ndani ya ufa, sasa yanatoka. Ungekuwa mkwaruzo, chaki ingebaki nyeupe.

Baada ya hapo ndipo kupima, na kwangu mimi kupima ndiko fundi mwenyewe. Kupiga nyundo hujifunza hata kijana mvivu.

Lori hupandishwa juu ya stendi za chuma kwenye sakafu ya zege iliyofagiliwa. Bodi imeshushwa, tangi la dizeli na betri zimetolewa. Fundi anachagua alama pacha, sehemu ambazo kiwanda kiliweka kitu kile kile kushoto na kulia: pini za springi, matundu ya vibebeo, bolti za vyuma vya kukingama. Kutoka kila alama anashusha timazi. Hapa hakuna haraka inayosaidia. Timazi inayumba, inazunguka, inatulia. Upepo ukipita uwazi wa mlango inaanza tena, na kijana anaambiwa asimame pale aukinge kwa mgongo wake. Ikitulia kabisa, fundi anaweka nukta ya chaki chini ya ncha. Anahamia nyingine. Akimaliza, kivuli cha lori zima kimelala sakafuni kwa nukta, na lori lenyewe linaweza kusahauliwa kwa muda.

Sasa ni zamu ya uzi. Mmoja unavutwa kutoka nukta ya kushoto mbele kwenda ya kulia nyuma yake, wa pili kinyume chake, unapatikana msalaba. Fungu linalofuata, msalaba mwingine. Kama chesesi iko sawa, nyuzi mbili za kila msalaba zina urefu mmoja, na makutano yote yanaangukia kwenye mstari mmoja wa katikati unaopita lori lote. Tofauti ya milimita 3 hivi mafundi wengi huivumilia. Siku hiyo ya Nachingwea, msalaba wa nyuma kabisa ulikuwa sawa, uliofuata ulikuwa sawa, na wa tatu makutano yakaruka kwenda kushoto kwa upana wa vidole viwili. Utingo, aliyekuwa ameshika ncha ya uzi na kujiona mshirika, akapaza sauti: "Kumbe imepindia hapa!"

"Hapana, mwanangu," fundi akasema, bado amechuchumaa. "Hapa ndipo inapoonekana. Ilipopindia tumeshapapita."

Kupinda huanzia kabla ya mahali kunapojitokeza. Kwa hiyo anayeanza kazi kwa kukimbilia palipokunjamana atanyoosha athari na kuiacha sababu, na lori litatoka na pindo mbili badala ya moja. Fundi huyu alianza na nyuma kwa sababu nyuma ndiko kulikokuwa kuzima. Alitafuta kwanza kipande cha chesesi ambacho ajali haikukigusa, akakithibitisha kwa vipimo, ndipo akakifanya hakimu wa kilichobaki. Sijui ufundi mwingine unaoheshimu hivi sehemu nzima ya kitu kilichoharibika. Wengi wetu tukiona uharibifu hatuoni kingine.

Marekani kuna kampuni ya Bee Line, kule Iowa, na Sweden kuna Josam, zinazouza mitambo ya kazi hii: reli za chuma zilizozikwa sakafuni, mikono ya haidroliki, miale ya leza badala ya uzi. Ni vitu vizuri na ningependa kuviona Mtwara. Ila leza inauliza swali lile lile linaloulizwa na uzi, nalo ni kama upande wa kushoto unalingana na wa kulia, na mtu asiyejua kuchagua alama pacha atapata jibu la uongo kwa usahihi mkubwa sana.

Nguvu huja mwishoni, na huja kidogo kidogo. Mhimili mnene wa akiba hulazwa sambamba na chesesi, unafungwa kwa minyororo sehemu mbili zilizo nzima, na jeki ya mafuta ya tani nyingi inakaa katikati, ikisukuma palipopinda. Ndani ya C fundi anashindilia kipande cha mninga, ili ukuta wa mhimili usibonyee chini ya shinikizo. Kwenye kichwa cha jeki anaweka pleti pana ili kisitoboe. Nidhamu yake ni moja: kilichoharibika mwisho ndicho kinachotangulia kutoka. Chesesi ilipogongwa ilipinda, ikajikunja, ikasokotwa, kila kimoja juu ya mwenzake, na hutafikia cha chini kabla hujakiondoa cha juu.

Lakini chuma hakitii mara moja. Ukikisukuma kidogo hurudi kilikotoka. Ukikisukuma kupita mpaka wake hubaki, ila hakibaki pale ulipokifikisha. Kitarudi nyuma sehemu fulani. Ili kinyooke, lazima ukipeleke upande wa pili wa unyoofu, ukivushe mstari kwa makusudi, kisha ukiachie kirudi juu ya mstari. Ukivushe kiasi gani? Inategemea unene, umri, aina ya chuma, na umbali kati ya minyororo. Fundi anapiga jeki mara chache, anasimama. Anachukua nyundo, anagonga kuzunguka sehemu iliyobanwa, kwa mapigo mepesi yanayofanana, siyo ya kunyoosha bali ya kukilegeza chuma kikiwa chini ya shinikizo. Anaachia jeki. Anashusha timazi. Nukta mpya ya chaki iko karibu na mahali pake kuliko ya mwanzo, lakini bado. Anabana tena, zaidi kidogo. Nilitamani mara kadhaa kumwambia asukume kwa nguvu tumalize, na nafikiri kila aliyekuwapo alitamani hivyo, isipokuwa yeye. Chuma kilichovushwa kupita kiasi kitapaswa kurudishwa, na kila kwenda na kurudi hukichosha.

Moto ndio kishawishi kikubwa. Mtungi wa gesi upo pale, na chuma kikiiva hupinda bila ubishi. Kazi ya siku mbili inakwisha kabla ya adhuhuri. Kwa chuma laini cha malori ya zamani, moto kwa kiasi si dhambi. Lakini malori mengi mazito, hasa ya Kimarekani, yana chesesi iliyopikwa kiwandani: chuma kilipashwa moto, kikapozwa ghafla, kikapashwa tena kwa kipimo, mpaka kikaweza kuhimili pauni 110,000 na zaidi kwa kila inchi ya mraba kabla ya kupinda. Nguvu ile ni zawadi ya mapishi yale. Ukikipasha chuma hicho kwa bomba la gesi umeyafuta mapishi, na huna tanuri la kuyarudisha. Kinachotisha ni kwamba hakitaonekana. Mhimili utakuwa umenyooka, utapakwa rangi nyeusi, utang'aa. Utabonyea msimu ujao, juu ya mlima, na mzigo wote.

Mwaka 1847 mwanasayansi John William Draper alionyesha kwamba vitu vigumu, vya aina yoyote ile, huanza kuwaka wekundu vikifika joto lile lile, digrii 525 hivi za Selsiasi. Fundi wa Nachingwea hajapata kumsikia Draper. Hata hivyo, kazi yoyote ya moto anaifanya jioni, taa zimezimwa, na sababu aliyonipa ilikuwa hiyo hiyo kwa maneno yake: mchana jua linakudanganya, wekundu wa kwanza huuoni, unakuja kuuona ukiwa umeshapita. Na maji haruhusu yakaribie. Kijana mmoja aliwahi kuleta ndoo, kwa nia njema, ili kipoe haraka. Akarudishwa nayo.

Kwenye ufa pia kuna utaratibu ambao jicho la mpita njia halilioni. Kwanza mwisho wa ufa hutobolewa tundu dogo, ufa usipate ncha ya kuendelea nayo. Ufa wenyewe huchimbwa kwa grainda uwe mfereji wa umbo la V, ili weldi iingie mpaka chini badala ya kukaa juu. Betri ziwe zimetolewa, na waya wa ethi ubanwe karibu na kazi, la sivyo umeme utapita kwenye beringi kutafuta njia na kuziunguza. Pleti ya kuimarisha ikihitajika, ncha zake hukatwa mshazari. Pleti yenye ncha za mraba inabadilisha uimara wa mhimili ghafla, kwenye mstari mmoja, na mstari huo ndio utakaopasuka. Wala haiunganishwi kwa weldi inayokatiza ukingo wa mhimili, maana ukingo ndio unaobeba mvutano mkubwa. Ribeti zilizong'olewa hurudishiwa bolti ngumu zinazojaa tundu barabara. Ukikuta kazi ya namna hii chini ya lori lililotumika, unamheshimu mtu ambaye hutamjua.

Ndiyo huzuni ya ufundi huu, na pengine heshima yake. Fundi wa rangi akimaliza, watu wanapiga picha. Fundi wa injini akimaliza, inasikika. Huyu akimaliza, hakuna kinachoonekana, bodi inarudishwa juu na mavumbi yanafunika mengine. Ndiyo maana malipo yake huwa na ugomvi. Anatoza kupima peke yake na kunyoosha peke yake, na tajiri haelewi kwa nini alipie nyuzi na chaki. "Fundi, mbona hapa hujafanya kitu, umetazama tu?" Nimesikia swali hilo likiulizwa kwa hasira ya kweli. Fundi alimpa karatasi ya daftari yenye vipimo vya kushoto na kulia, kabla na baada, kwa penseli. Tajiri aliigeuza mara mbili akitafuta bei.

Na kuna siku anakataa. Lililetwa lori ambalo mhimili wake wa mbele ulipasuka kutoka ukingo mmoja mpaka karibu na wa pili, pale pale panapofungwa boksi ya usukani. Palikuwa pamewahi kuchomelewa zamani, kwa haraka, na weldi ile ya zamani ilikuwa imekataa.

"Fundi, hii si inachomelewa tu, tukaweka na pleti?"

"Kuchomelewa inachomelewa, tajiri. Hata leo jioni."

"Sasa?"

"Sasa mimi siigusi. Tafuta chesesi nyingine, uende nayo kwa utaratibu, nitakuhamishia kila kitu."

Tajiri alimwita mjeuri, akamkumbusha kwamba wao ni ndugu wa upande wa mama. Fundi akakubali undugu na akakataa kazi. Lori likavutwa kupelekwa kwingine, na gereji ikakaa bila kazi kubwa siku kadhaa. Wanaopanda juu ya magunia ya ufuta kurudi Narung'ombe jioni, mama na mtoto mgongoni, mwalimu aliyekosa basi, kijana na jogoo wake wa gulioni, hawakuwapo kwenye mazungumzo yale. Mtu mmoja aliongea kwa niaba yao bila kuwataja, na ilimgharimu.

Lori lile la vidole viwili, lenyewe, lilinyooka. Misalaba yote ilikubaliana, bodi ikarudishwa, tajiri akaanza kuwapigia wapakiaji. Fundi akasema bado, akamwambia dereva walitoe nje kwenye barabara ya udongo laini, aende taratibu na usukani umenyooka, asimame bila kukata kona. Kisha akashuka na kijiti. Lori likisimama namna hiyo, nafasi iliyo kati ya tairi za mbele na za nyuma inakuwa na alama za mbele peke yake, safi, hazijakanyagwa. Akapima kutoka ukingo wa alama hiyo mpaka usawa wa ukingo wa tairi la nje la nyuma, upande wa kushoto, akakivunja kijiti kwa urefu huo. Akazunguka kulia. Kijiti kilipungua kwa unene wa kidole.

"Chesesi haina neno," alisema. "Ni ekseli. Sentabolti imekatika, imekaa upande."

Tajiri akauliza kama wangeweza kupakia hata nusu ya mzigo leo, hiyo sentabolti ije kesho. Hakujibiwa. Utingo alikwisha kwenda ndani kutafuta spana ya yubolti.